Maumivu Yanayoaminiwa: Marsha Linehan na Tiba ya Hitilafu za Haiba

Hitilafu ya haiba ni mazoea ya kudumu ya kufikiri, kuhisi, kuhusiana na watu na kujizuia, yanayomgandia mtu tangu ujanani na kumletea taabu yeye mwenyewe au wale wanaoishi naye. Kila mtu huwa na siku za hasira, za wivu au za kushuku wenzake. Wapo pia watu wengi wenye tabia za kipekee ambao kazi zao, ndoa zao na urafiki wao vinakwenda vizuri, na hao si wagonjwa. Daktari huanza kuzungumzia hitilafu pale mazoea hayo yanapojirudia mwaka hadi mwaka, nyumbani na kazini, kwa wazazi na kwa wapenzi, na yanapokwenda mbali na yale ambayo jamii ya mtu huyo yenyewe huyaona ya kawaida. Sonona inayompata mtu akiwa na miaka 40 na kumwondokea baada ya miezi sita si hitilafu ya haiba, hata kama kwa miezi hiyo yote ndugu zake hawakumtambua.

Namna ya kuzipanga hitilafu hizi imebishaniwa kwa muda mrefu. Mwongozo wa Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani, toleo la tano la mwaka 2013, unataja aina 10 katika makundi matatu. Katika kundi la kwanza wamo wanaojitenga, wenye shuku isiyokatika na wenye fikra zisizo za kawaida. La pili ni la watu ambao hisia na matendo yao hulipuka, wanaokanyaga haki za wengine, na wanaojitukuza kupita kiasi. Kundi la tatu linatawaliwa na hofu: wapo wanaokwepa watu wakiogopa kudharauliwa, wasioweza kukata shauri bila kushikwa mkono, na wanaotaka kila kitu kinyooke hadi kazi yenyewe haiishi. Shirika la Afya Duniani limeshika njia nyingine. Katika orodha yake ya 11 ya magonjwa, iliyoanza kutumika Januari 2022, karibu aina zote hizo zimeondolewa. Daktari hupima kwanza ukali wa hitilafu, kama ni mdogo, wa wastani au mkubwa, kisha hueleza sifa zinazotawala. Mabadiliko hayo yana mantiki. Wagonjwa wengi walikuwa wakitimiza vigezo vya aina mbili au tatu kwa pamoja, na jina lililoandikwa kwenye faili lilitegemea zaidi mwandishi kuliko mgonjwa.

Aina moja tu iliachiwa nafasi ya kutajwa kwa jina katika orodha hiyo mpya, nayo ni haiba ya mpakani. Imebaki kwa sababu ndiyo iliyochunguzwa kuliko zote, na ndiyo iliyopatiwa tiba zenye ushahidi wa kutosha. Jina lenyewe ni la zamani. Mwaka 1938 Adolph Stern, daktari wa New York aliyefuata uchambuzi nafsi, alieleza juu ya wagonjwa ambao hawakuwa na wazimu, lakini pia hawakupona kwa tiba iliyowafaa watu wenye wasiwasi wa kawaida. Akawaweka mpakani, kati ya hali mbili hizo. Otto Kernberg aliipanua dhana hiyo katika miaka ya 1960, na mwaka 1980 ikaingia rasmi katika mwongozo wa Marekani. Leo hakuna anayeamini tena ule mpaka wa Stern, lakini jina limeshika mizizi.

Vigezo vya haiba ya mpakani katika mwongozo huo ni tisa, na mgonjwa huhesabiwa kuwa nayo akitimiza vitano. Hofu ya kuachwa ni kubwa kiasi kwamba ujumbe wa simu uliochelewa kujibiwa huonekana kuwa ni talaka. Mahusiano hupanda na kushuka: mtu aliyekuwa malaika asubuhi huwa adui jioni. Mgonjwa hajui yeye ni nani wala anataka nini. Hufanya mambo ya pupa yanayomdhuru, kama kutapanya fedha, kulewa au kuendesha gari kwa kasi ya kufisha. Hujiumiza au hujaribu kujiua. Hisia zake hugeuka ndani ya saa chache. Ndani mwake huhisi utupu usiojazika, hasira zake hazina breki, na anapobanwa sana na dhiki huweza kushuku watu bila sababu au kujiona yu nje ya mwili wake. Makadirio ya kawaida ni kwamba mtu mmoja au wawili katika kila watu wazima 100 wana hali hii, na katika wodi za magonjwa ya akili idadi yao hufika hadi mmoja katika kila watano.

Hakuna maisha yanayoonyesha historia ya maradhi haya na ya tiba yake kwa ukamilifu kama ya Marsha Linehan, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Washington mjini Seattle. Kumbukumbu zake, Building a Life Worth Living, zilichapishwa mwaka 2020, alipokuwa na umri wa miaka 76. Ni kitabu cha mtu aliyeyaona maradhi kwanza kutoka kitandani, kisha kutoka kiti cha mganga, na thamani yake iko hapo.

Linehan alizaliwa mwaka 1943 mjini Tulsa, jimbo la Oklahoma, mtoto wa tatu kati ya sita katika familia ya Kikatoliki ya mwenye cheo katika biashara ya mafuta. Machi 1961, akiwa na miaka 17, alilazwa katika hospitali ya Institute of Living mjini Hartford, Connecticut. Alikaa humo miaka miwili na zaidi, hadi mwisho wa Mei 1963. Alijiumiza mara kwa mara, na alipowekwa katika chumba cha kutengwa ambamo hapakuwa na kitu cha kujiumizia, aligonga kichwa ukutani na sakafuni. Madaktari waliandika kuwa ana skizofrenia. Alipewa klopromazini na dawa nyingine nzito, akapata tiba ya mshtuko wa umeme katika awamu mbili, mara 30 kwa jumla, na saa nyingi za uchambuzi nafsi. Alipotoka, ripoti ya hospitali ilimtaja kuwa miongoni mwa wagonjwa waliosumbuka kuliko wote. Sehemu kubwa ya miaka ile, na ya utoto wake kabla yake, imefutika akilini mwake.

Ni rahisi kuwahukumu madaktari wa wakati ule kwa elimu ya leo. Mwaka 1961 haiba ya mpakani haikuwa katika mwongozo wowote rasmi, na klopromazini ilikuwa na umri wa miaka kumi hivi tu katika tiba ya akili. Walitumia walichokuwa nacho. Lakini lipo jambo katika simulizi hili ambalo halikutokana na uchache wa dawa. Hospitali ilipanga huduma zake zote kulizunguka tendo la kujiumiza. Msichana alipojiumiza, watu walikusanyika, ratiba ilibadilika, madaktari walikutana. Alipokuwa mtulivu, hakuna lililotokea. Linehan aliyekuja kuwa bingwa wa sayansi ya tabia aliliona hilo waziwazi miaka mingi baadaye: kwa baadhi ya wagonjwa kulazwa kwa muda mrefu hulisha kile kinachotakiwa kukoma, ingawa hakuna mfanyakazi hata mmoja anayekusudia hivyo. Mpaka leo tiba aliyoiasisi hukwepa kulaza kila inapowezekana.

Akiwa bado hospitalini alimwahidi Mungu kwamba akitoka katika jehanamu ile, atairudia kuwatoa wengine. Njia haikunyooka. Baada ya kutoka alijaribu tena kujiua, kisha akahamia Chicago, akafanya kazi ya ukarani katika kampuni ya bima na kusoma jioni katika Chuo Kikuu cha Loyola. Mwaka 1967, akisali katika kanisa dogo la nyumba ya mafungo, alijawa na nuru na kwa mara ya kwanza alijisikia akisema kwamba anajipenda. Hakupona siku ile, misukosuko iliendelea. Kilichobadilika ni kwamba hakupigana tena na umbali uliokuwapo kati ya mtu aliyetaka kuwa na mtu aliyekuwa. Alipata shahada ya uzamivu mwaka 1971, akafanya mafunzo katika kituo cha kuzuia kujiua mjini Buffalo, kisha akajifunza tiba ya kitabia huko Stony Brook. Alifika Seattle mwaka 1977.

Kabla ya kueleza tiba, inafaa kueleza chanzo cha maradhi, kwa sababu tiba yenyewe imejengwa juu ya maelezo hayo. Linehan anasema mambo mawili hukutana. La kwanza ni la kimaumbile: wapo watoto wanaozaliwa na hisia nyepesi. Huguswa na jambo dogo, mwitiko wao huwa mkubwa, na huchukua muda mrefu kutulia. Tafiti za mapacha zinaunga mkono sehemu hiyo, kwa kuonyesha kwamba urithi unachangia kwa kiasi kikubwa, kiasi cha asilimia 40 hivi ya tofauti kati ya mtu na mtu. La pili ni mazingira yanayozikanusha hisia hizo. Mtoto akilia huambiwa jikaze, acha kudeka, mbona wenzako hawalii. Akisema ameumia, huambiwa hakuna kilichotokea. Hafundishwi kuitambua hofu wala kuituliza, hufundishwa kutoiamini. Na kwa kuwa anasikilizwa pale tu anapopasuka, hujifunza kupasuka.

Wengi wa wagonjwa wamepitia makubwa zaidi ya maneno: kupigwa, kutelekezwa, kunajisiwa utotoni. Lakini si wote, na hapo ndipo maelezo ya Linehan yanapowatendea haki wazazi. Familia inaweza kuwa na upendo na bado ikashindwa kumwelewa mtoto mmoja asiyefanana na wengine. Yeye mwenyewe alikulia katika nyumba yenye neema na ndugu wazuri wa sura na wa tabia, ambamo alijiona amekosea kila kitu. Wazazi wa Afrika Mashariki wanaosomesha, wanaolisha na wanaowaombea watoto wao usiku na mchana hawapaswi kusikia kwamba wao ndio ugonjwa. Wanachopaswa kusikia ni kwamba mtoto huyu anahitaji kitu ambacho ndugu zake hawakukihitaji.

Linehan mwenyewe ana mfano unaosaidia: mtu mwenye haiba ya mpakani ni kama aliyeungua karibu mwili mzima, asiye na ngozi ya hisia, ambaye hata mguso mwepesi ni mateso kwake.

Alipoanza kazi Seattle, Linehan alizipigia hospitali simu akiomba wagonjwa wagumu kuliko wote, wale waliojaribu kujiua mara nyingi na waliokwisha kuchosha kila mtu. Alitaka kutibu hamu ya kufa, si haiba ya mpakani. Jina la ugonjwa alilihitaji baadaye, ili aweze kupewa fedha za utafiti. Silaha yake ilikuwa tiba ya kitabia ya wakati ule, ambayo huuliza tatizo ni lipi na kulibadilisha hatua kwa hatua. Haikufua dafu. Wagonjwa waliposikia kila wiki kwamba wabadilishe hiki na kile, walisikia sauti ileile ya utotoni: wewe ndiye tatizo. Walikasirika, wakanyamaza au wakatoka nje. Akageuka upande wa pili, akawa mtu wa kusikiliza, kupokea na kuwahurumia. Hilo nalo lilishindikana. Wagonjwa walimuuliza kama ana maana kwamba hatawasaidia, kwamba wabaki katika moto ule huku yeye akiwaelewa.

Sehemu hii ya maisha yake ndiyo inayobeba mafunzo mengi kuliko zote, na yanawahusu si wataalamu peke yao. Karibu kila mtu anayeishi na mgonjwa wa namna hii huyumba kati ya ncha hizo mbili: wiki moja hukaripia, wiki inayofuata husamehe kila kitu. Linehan aliona kwamba ncha zote mbili zinahitajika, na zinahitajika kwa wakati mmoja, ndani ya mazungumzo yaleyale. Mgonjwa aambiwe kwamba maumivu yake ni ya kweli na yana sababu, na aambiwe pia kwamba lazima ajifunze kuishi kwa namna nyingine. Wanafunzi wake walikaa nyuma ya kioo cha upande mmoja, wakaandika kila alichofanya kilichofaa, na mbinu zikachujwa kutokana na maandishi hayo.

Kukubali hakukuwa jambo ambalo sayansi ya tabia ilikuwa na ujuzi nalo, hivyo alilitafuta kwingine. Alikwenda Shasta Abbey, monasteri ya Zen huko California, kisha Ujerumani kwa Willigis Jäger, mtawa Mbenediktini aliyekuwa pia mwalimu wa Zen. Aliporudi aliyavua mafundisho yale vazi la dini, akayafanya mazoezi ambayo Mkristo, Mwislamu au asiye na dini anaweza kuyafanya: kuona kinachotokea sasa hivi, kukieleza bila kukihukumu, kukikubali kwa ukamilifu hata kama hakipendezi. Kukubali huko si kuridhia. Mtu anayekana kwamba mguu wake umevunjika hawezi kwenda kwa mtaalamu wa mifupa. Muungano huo wa kukubali na kubadilika ndio uliopewa jina la tiba ya kitabia ya kidialektiki.

Tiba hiyo ina sehemu nne, na ya kwanza ni kikao cha kila wiki kati ya mgonjwa na tabibu wake. Mgonjwa huja na kadi aliyoijaza kila siku, inayoonyesha hisia zake, misukumo yake na yale aliyofanya. Mambo hupangwa kwa uzito. Kama wiki hiyo alijiumiza au alijaribu kujiua, hilo huzungumzwa kwanza, kabla ya jingine lolote. Linafuata lolote linaloweza kuivunja tiba yenyewe, kama kukosa vikao, au tabibu kuchelewa, kwani tabibu naye huhojiwa. Mengine hufuata baadaye. Kwa tendo zito hufanywa uchambuzi wa mnyororo: tabibu na mgonjwa huipitia siku ile pete baada ya pete. Alilala saa ngapi? Alikula? Ni neno gani la dada yake lililomchoma, na baada ya neno hilo alifikiri nini, akahisi nini mwilini, akashika nini? Kazi hiyo huchosha, na wagonjwa wengi huichukia mwanzoni. Lakini ndiyo inayofunua kwamba tendo lililoonekana kuzuka ghafla lilikuwa na hatua kumi kabla yake, na kwamba katika tatu au nne kati ya hizo palikuwa na mlango wa kutokea.

Sehemu ya pili ni darasa. Wagonjwa hukutana kwa saa mbili na nusu kila wiki kufundishwa stadi, kwa mazoezi ya nyumbani yanayosahihishwa. Stadi ni za aina nne: uzingativu, kustahimili dhiki, kuongoza hisia, na kuhusiana na watu. Baadhi ni rahisi kiasi cha kushangaza. Mtu aliyezidiwa huinamisha uso ndani ya maji baridi na kushikilia pumzi kwa sekunde chache. Mapigo ya moyo hupungua kwa mwitiko wa asili wa mwili, na msukumo hulegea kwa muda unaotosha kufanya jambo jingine. Mwenye maradhi ya moyo humuuliza daktari kwanza. Nyingine ni ngumu, kama kutenda kinyume na hisia pale hisia isipolingana na hali ilivyo: kumkaribia kwa upole mtu ambaye moyo unashauri kumkimbia. Zipo pia za kuomba kitu bila kutisha wala kujidhalilisha, na za kusema hapana bila kuvunja undugu.

Sehemu ya tatu ni simu. Mgonjwa anaruhusiwa kumpigia tabibu wake kati ya vikao, akibanwa, ili akumbushwe stadi ya kutumia pale alipo. Kanuni moja imeambatanishwa: kama tayari amejiumiza, basi baada ya kuhakikisha yuko salama, tabibu hazungumzi naye kwa saa 24. Anayeisikia kanuni hii mara ya kwanza huiona katili. Lakini inageuza kabisa mpangilio uliokuwapo Hartford. Msaada hupatikana kwa wingi kabla ya kujiumiza, na haumiminiki baada yake. Sehemu ya nne ni kikao cha wataalamu wenyewe, ambamo hushauriana na kushikana mikono, kwa maana kazi hii huwamaliza watu na tabibu aliyechoka huanza kumlaumu mgonjwa.

Jaribio la kwanza lilichapishwa mwaka 1991. Wanawake 44 waliokuwa wakijiumiza waligawanywa kwa bahati nasibu. Nusu walipata tiba hii kwa mwaka mmoja, nusu walipata huduma ya kawaida mjini. Waliopata tiba mpya walijiumiza mara chache zaidi, walilazwa siku chache zaidi, na wengi wao hawakuiacha tiba njiani, jambo lililokuwa nadra kwa wagonjwa hawa. Wapinzani walisema kwamba huduma ya kawaida ni mshindani dhaifu. Jaribio la 2006, la wanawake 101, liliweka upande wa pili matabibu waliosifika mjini kwa kuwamudu wagonjwa wagumu. Majaribio ya kujiua kwa waliopata tiba ya Linehan yalikuwa nusu ya yale ya wenzao. Hamu ya maisha na kuondokewa na huzuni, hata hivyo, havikutofautiana sana. Ukweli huo haupunguzi kitu: tiba hii kwanza humweka mtu hai, na mengine hujengwa juu ya hapo.

Si tiba pekee. Anthony Bateman na Peter Fonagy wa London waliunda tiba inayomfundisha mgonjwa kusoma akili, yake na ya mwenzake: kabla ya kuamini kwamba rafiki amemdharau, ajiulize rafiki alikuwa akiwaza nini. Jaribio lao la 1999 na ufuatiliaji wa miaka minane uliochapishwa 2008 vilionyesha manufaa yaliyodumu. Kernberg aliendeleza uchambuzi nafsi unaotazama kile kinachotokea kati ya mgonjwa na tabibu chumbani. Jeffrey Young aliunda tiba inayozishughulikia imani zilizojengeka utotoni. Kwa nchi zenye wataalamu wachache, matokeo yenye thamani kubwa zaidi yalitoka Canada mwaka 2009. Shelley McMain na wenzake waliwagawa wagonjwa 180 kati ya tiba ya Linehan na huduma ya kiakili iliyopangwa vizuri, iliyotokana na mafundisho ya John Gunderson wa Boston. Baada ya mwaka mmoja makundi yote mawili yalikuwa yameendelea vizuri, na tofauti haikuonekana. Huduma ya Gunderson haihitaji timu kubwa. Humwambia mgonjwa jina la ugonjwa wake na kumweleza ulivyo, humwona kila wiki, humhimiza kutafuta kazi, huihusisha familia, na haihofii kuzungumzia kifo. Daktari au muuguzi mzoefu wa hospitali ya mkoa anaweza kuijifunza.

Dawa zina nafasi ndogo kuliko wagonjwa wengi wanavyotumaini. Hakuna iliyosajiliwa kwa ajili ya haiba ya mpakani. Mwongozo rasmi wa Uingereza wa mwaka 2009 unaelekeza kwamba dawa zisitumike kutibu hitilafu hii yenyewe, bali magonjwa yanayoandamana nayo, kama sonona. Lamotrigini, iliyotarajiwa sana kutuliza hisia, ilijaribiwa Uingereza kwa watu 276, na matokeo ya 2018 yalionyesha kwamba haikuishinda dawa bandia. Pamoja na hayo, si ajabu kumkuta mgonjwa akimeza aina nne au tano, kila moja ikiwa imeongezwa katika wiki ya msukosuko na hakuna aliyekumbuka kuiondoa.

Hitilafu nyingine za haiba hazikubahatika kupata utafiti wa kiwango hiki. Wanaokwepa watu kwa hofu hunufaika na tiba ya fikra na tabia, inayowazoesha kidogokidogo mikutano wanayoiogopa. Kwa wasiojali haki za wengine ushahidi bado ni mchache, na wengi wao huonekana magerezani kabla ya kuonekana kliniki.

Lipo suala la sheria linalowagusa wagonjwa hawa moja kwa moja katika Afrika Mashariki. Kujaribu kujiua ni kosa la jinai katika Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kifungu cha 217. Kenya ilikuwa na kifungu kama hicho, cha 226, hadi Januari 2025 Mahakama Kuu ilipotamka kwamba kinakwenda kinyume na Katiba. Familia inayojua kwamba polisi wanaweza kuitwa humficha mgonjwa, humwambia daktari kuwa ni ajali, na uchambuzi wa mnyororo hauwezi kuanza kwa pete ya uongo. Kwa ugonjwa ambao kujaribu kufa ni mojawapo ya dalili zake zinazojulikana, kifungu hicho humwadhibu mtu kwa kuumwa.

Familia nazo zina mafunzo yake. Huko Marekani, Alan Fruzzetti na Perry Hoffman walianzisha kozi ya wiki 12 inayofundishwa na ndugu wa wagonjwa kwa ndugu wengine bila malipo. Jambo la msingi ndani yake ni kuitambua hisia bila kulibariki tendo. Mama anaweza kumwambia binti yake kwamba anaona jinsi alivyoumizwa na kuachwa kwenye safari ya wenzake, na papo hapo akakataa kuvunjiwa vyombo. Wengi hudhani kwamba kulikubali la kwanza ni kulifungulia mlango la pili. Uzoefu unaonyesha kinyume: hasira iliyoeleweka hupoa upesi kuliko iliyobishiwa.

Linehan alificha historia yake kwa miongo mingi, akichelea kwamba sayansi yake ingepuuzwa. Mgonjwa mmoja aliyeyaona makovu mikononi mwake alimuuliza kama naye ni mmoja wao, akaongeza kwamba jibu la ndiyo lingewapa wote tumaini. Juni 2011, katika hospitali ileile ya Hartford, alisimama mbele ya marafiki, ndugu na madaktari akaeleza yote. Kwa wagonjwa habari hiyo ilikuwa na uzito ambao jedwali la takwimu haliwezi kuwa nao, kwa sababu hata ndani ya taaluma wengi walikuwa wakiamini kwamba watu hawa hawaponi, ni wajanja, na wanawachezea wauguzi.

Takwimu zenyewe zinaikanusha imani hiyo. Mary Zanarini wa hospitali ya McLean, karibu na Boston, aliwafuatilia wagonjwa 290 kuanzia mwaka 1992, akiwahoji kila baada ya miaka miwili. Baada ya miaka 10, asilimia 93 walikuwa wamepitisha angalau miaka miwili bila kutimiza vigezo vya ugonjwa. Pupa na kujiumiza huondoka mapema. Utupu na hofu ya kuachwa huchelewa. Lakini nusu tu ndio waliofikia kupona kwa maana pana zaidi, yaani kuwa na kazi au masomo ya kudumu pamoja na uhusiano mzuri na angalau mtu mmoja. Dalili zilikwisha, maisha hayakujengeka. Kwa ajili ya hao, Katherine Comtois na wenzake katika hospitali ya Harborview mjini Seattle waliunda mwaka wa pili wa tiba ya Linehan, ambao sharti lake ni kwamba mgonjwa aanze kufanya kazi ya mshahara au kusoma, kwa saa zinazoongezeka kadiri miezi inavyokwenda. Stadi zilezile za kustahimili dhiki hufundishwa upya, safari hii kwa ajili ya usaili wa kazi, bosi mkali na siku ya kwanza ofisini.